Chuma Hakitupwi: Mafundi Waliotunza Mashamba ya Pemba



Katika kijarida hiki tumezoea kusoma historia ya misikiti yetu, skuli zetu, na walimu na masheikh waliotulea. Historia hiyo inastahili kuandikwa, na iendelee kuandikwa. Mwaka huu nimeomba kurasa chache kwa ajili ya watu ambao majina yao hayakuwekwa ukutani popote: mfua chuma, fundi bati na fundi wa kuchomelea. Ni watu tuliowapita kila siku tukienda shamba, tukawaachia jembe asubuhi na kulichukua jioni, tukalipa tulichokuwa nacho, na pengine tukalipa kwa muhogo.

Nitaanza mbali kidogo, kisha nifike kwenye jambo ambalo jumuiya yetu inaliombea mchango mwaka huu: karakana ya kutengenezea zana za kilimo, pamoja na vijana watakaofundishwa ndani yake.

Chuma kilichovuka bahari

Waarabu wa zamani walikiita kisiwa chetu Al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani. Mvua ipo na udongo upo. Kisichokuwepo ni mgodi wa chuma. Tangu kale, zana nyingi za pwani hii zimekuja kwa vyombo vya bahari. Kitabu cha safari kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinataja mikuki, vishoka na visu miongoni mwa bidhaa zilizoletwa pwani ya Afrika Mashariki kutoka Muza, bandari ya Yemen. Kwa hiyo zana ya kuletwa si jambo la jana wala juzi.

Lakini kuletewa chuma ni jambo moja, na kujua kukifanyia kazi ni jambo jingine. Wataalamu wa mambo ya kale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe, kaskazini ya kisiwa, mahali palipokuwa na kijiji kikubwa kati ya mwaka 600 na 950 hivi. Pamoja na vigae na shanga, walikuta mabaki ya kazi ya chuma. Moto wa mfua chuma ulikuwa unawaka Pemba karne nyingi kabla ya Mji Mkongwe wa Unguja kuwa na nyumba za mawe tunazozijua leo.

Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, nako mwaka 1984 zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na ndogo sana, zimeandikwa majina ya watawala wa pwani hii wa zama hizo. Kupiga maandishi kwenye kipande cha fedha kidogo kuliko ukucha ni kazi ya mtu anayeujua moto na nyundo. Na Pujini, kwenye boma ambalo wazee wanalinasibisha na Mkama Ndume, tunaona handaki na kuta za udongo na mawe za karne ya 15. Tunasimulia sana ukali wa mtawala yule, lakini hatujiulizi ni nani aliyekuwa akinoa na kutengeneza zana za wale waliochimba.

Jembe na karafuu

Historia ya zana kwetu ilibadilika na karafuu. Mikarafuu ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kisha ikaenea Pemba. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba zao hilo, na mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kwetu.

Vilima vyetu vilikuwa na msitu. Msitu ulifyekwa kwa shoka na panga, mashimo yakachimbwa kwa jembe, magugu yakapaliliwa mwaka hadi mwaka. Tusisahau kwamba waliozishika zana hizo katika mashamba makubwa, kwa miaka mingi, walikuwa ni watumwa, mpaka hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897. Jasho lao limo ndani ya kila mkarafuu mkongwe tunaouona leo.

Majembe na mapanga yalikuja kutoka viwanda vya Ulaya. Wengi wetu tumelikuta jembe la chapa ya mamba, la kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza. Lilikuwa jembe zuri, lakini halikutengenezwa kwa ajili ya mkono wa mkulima wa Pemba wala kwa mteremko wa Pemba. Kilima kinataka jembe lililoinama namna moja, bonde la mpunga linataka namna nyingine. Aliyelisawazisha ni mfua chuma wa kijijini. Alilipasha moto, akalikunja shingo, akalikata mabega, akalitia makali upya. Jembe likishakula udongo miaka kadhaa na kubaki kipande, alilipunguza likawa kijembe cha kupalilia. Kijembe kikiisha, chuma chake kikawa kabari ya mpini wa shoka au kitasa cha mlango wa banda. Methali inasema mchagua jembe si mkulima. Mkulima wetu hakuhitaji kuchagua, kwa sababu palikuwa na mtu wa kulirekebisha lile alilokuwa nalo.

Matiko

Kiwanda cha mfua chuma kilikuwa kitu kidogo: banda la makuti, shimo la moto, mivukuto ya ngozi ya mbuzi, fuawe, nyundo mbili tatu, koleo na chungu cha maji. Makaa mazuri yalikuwa ya vifuu vya nazi, kwa kuwa yana moto mkali na Pemba hayana bei. Baadaye mivukuto ya ngozi ilianza kuachwa, pakaja pangaboi la bati linalozungushwa kwa gurudumu la baiskeli na mkanda. Hata huo ni ubunifu wa mafundi wenyewe.

Banda lilikuwa na kivuli, na si kwa ajili ya jua tu. Mfua chuma hupima moto kwa macho. Chuma hubadilika rangi kadiri kinavyopata joto, na rangi hizo hazionekani sawasawa juani. Panga likishafuliwa hupashwa mpaka liwe jekundu, kisha huchovywa majini. Hapo linakuwa gumu sana, lakini gumu la kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo hurudishwa motoni taratibu, linapashwa kidogo tu mpaka rangi ya majani makavu ianze kutambaa kwenye makali, kisha linapozwa. Likikosa hatua hiyo litakatika kwenye gogo la kwanza. Likipitiliza litakuwa laini na kukunjika. Hilo ndilo jambo Waswahili waliloliita kutia matiko. Neno lipo katika lugha yetu kwa sababu kazi ilikuwepo.

Magari yalipoingia kisiwani, mfua chuma alipata chuma kipya. Springi ya lori lililokufa ni chuma bora kuliko nondo au bati nene, kwa kuwa imetengenezwa ikubali kukunjwa na kurudi bila kuvunjika, na inapokea matiko vizuri. Kutokana na springi yalitoka mapanga, mashoka, mundu, tezo za mafundi wa mashua, na ulimi wa mbuzi wa kukunia nazi. Ekseli ya gari kuukuu na magurudumu yake yalikwenda chini ya gari la ng'ombe, ambalo hadi leo linabeba karafuu, makuti, mawe na mpunga kwenye njia zetu za ndani. Lori moja lililokufa kando ya njia liligawanyika kuwa zana za kijiji kizima.

Kazi yangu ni uhasibu. Katika vitabu vya hesabu, mali huandikwa ikishuka thamani kila mwaka mpaka ibaki sifuri, na tunaita uchakavu. Ikiuzwa au ikiacha kutumika huondolewa kitabuni. Mfua chuma wa Pemba alianza hesabu yake pale sisi tunapoimaliza. Kwake sifuri haikuwepo.

Fundi bati na pishi

Pembeni mwa mfua chuma alikuwepo fundi bati. Huyu hakuhitaji moto mkubwa. Zana zake zilikuwa mkasi, nyundo ya mbao, chuma cha kupasha na kipande cha lehemu. Debe la mafuta ya taa likiisha mafuta likawa kopo la kumwagilia bustani, sufuria, taa ya kibatari au kipimo. Karabai za wavuvi wa dagaa zilipovuja, aliziziba yeye. Hata jina karabai tumelipata kutokana na kabaidi, ile dawa inayotoa gesi ikikutana na maji, na ambayo mafundi walikuja kuitumia kuungia vyuma.

Kazi yake iliyogusa mifuko ya watu ni pishi. Mchumaji karafuu hulipwa kwa pishi anazopima jioni. Kipimo cha bati kikibonyea ndani, mwenye shamba anapoteza; mdomo ukipanuka, mchumaji anapoteza. Fundi bati aliyenyoosha pishi alikuwa, kwa namna yake, kadhi mdogo wa msimu. Watu walimpelekea kipimo kwa sababu walimwamini kuwa hampendelei yeyote.

Na msimu hausubiri. Karafuu hutakiwa kuchumwa kabla ua halijafunguka. Likifunguka, thamani imeshuka. Mpunga nao una siku zake za masika. Gari la ng'ombe likivunjika ekseli wakati huo, au jembe likichomoka shingo, mkulima hana muda wa kusubiri jahazi lilete jingine kutoka Tanga au Unguja. Anahitaji mtu aliye ndani ya mwendo wa miguu.

Miaka ya uhaba

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa, na wengi walipata eka tatu tatu. Wakulima wadogo waliongezeka, kila mmoja akihitaji zana zake. Wakati huohuo bidhaa kutoka nje zilianza kuadimika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, wazee wetu waliishi na foleni na maduka matupu, ilhali karafuu yao ilikuwa na bei nzuri duniani. Sitayarudia yote hapa, kila nyumba ina kumbukumbu zake.

Ninachotaka kukumbusha ni kwamba katika miaka ile jembe jipya lilikuwa kitu cha kuombea. Kilichotulisha ni jembe la zamani lililotiwa kiraka. Fremu ya baiskeli iliyokatika iliungwa kwa shaba iliyoyeyushwa kutokana na bomba bovu. Sufuria iliyotoboka ilipigwa ribiti. Karai lilishonwa kwa waya. Akina mama waliovuna mpunga suke kwa suke kwa kisu kidogo, walipata visu hivyo kutokana na misumeno iliyokwisha meno na vibao vya springi. Mtu akitaka kujua Pemba ilipitaje miaka ile bila mashamba kurudi kuwa msitu, jibu moja liko kwenye banda la mfua chuma.

Biashara ilipofunguliwa mwaka 1984 bidhaa zilirudi, zikaja na magari, pikipiki na pampu zilizotumika kutoka Dubai na kwingineko. Mapanga na majembe ya rahisi yakajaa madukani. Watu wakaanza kununua badala ya kutengeneza, na watoto wa wafua chuma wengi wakatafuta kazi nyingine. Hakuna wa kumlaumu. Lakini bati jembamba la jembe la rahisi halipokei matiko, na mkulima anajikuta ananunua kila msimu kitu ambacho babu yake alikinunua mara moja.

Umeme kutoka Tanga

Kuunga vyuma kwa cheche za umeme kuligunduliwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 Oscar Kjellberg wa Uswidi akatengeneza kijiti cha kuchomelea chenye ganda linalolinda chuma kisiharibiwe na hewa. Kijiti cha namna hiyo ndicho anachokitumia kijana wa Konde, Wete au Mkoani leo. Kilichochelewa kufika kwetu ni umeme wenyewe. Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na umeme wake haukutosha wala haukuaminika. Fundi aliyetaka kuchomelea alihitaji mashine yenye injini yake, au aunganishe betri za gari mbili au tatu na kuharakisha kazi kabla hazijaisha.

Mwaka 2010 waya wa umeme ulipitishwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba, kwa msaada wa Norway. Tunazungumza sana juu ya taa na mafriji yaliyokuja na umeme huo. Tunazungumza kidogo juu ya vibanda vya kuchomelea vilivyochipuka kando ya barabara zetu. Mageti, madirisha na vitanda vinatoka humo. Na mkulima anapeleka humohumo toroli lake, jembe la trekta, stendi ya pampu na ekseli ya gari la ng'ombe.

Vijana wengi wamejifunza kwa kutazama tu. Baadhi yao wanatumia mashine zilizosukwa na mafundi wenzao kwa waya wa shaba na vipande vya chuma. Ni werevu, na ninawavulia kofia. Lakini kuna mambo ambayo kutazama hakukufundishi. Springi ikichomelewa kama nondo, pale pembeni mwa kiungo panakuwa pagumu na pakavu, na ekseli au panga hukatika hapohapo siku ya kazi. Chuma cha kumimina, kama kifuniko cha injini au pampu, hupasuka kikichomelewa bila kupashwa kwanza. Moshi wa bati lenye rangi ya fedha huleta homa usiku. Pipa lililokuwa na mafuta, hata likionekana tupu, linaweza kulipuka likiguswa na moto. Na anayetazama cheche bila kioo cheusi huamka usiku wa manane macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Akirudia miaka na miaka, kazi itamnyang'anya macho anayoyategemea.

Mfua chuma wa zamani alijua moto na chuma, lakini hakuwa na umeme. Kijana wa leo ana umeme, lakini hakurithi matiko. Hawa wawili hawajakutanishwa. Mmoja ni mzee na mwingine ana haraka. Mzee akiondoka, anaondoka na elimu ambayo haijaandikwa popote. Wakati huohuo wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita vijijini na mizani zao. Springi na ekseli ambazo zingekuwa mapanga ya miaka 20 zinapimwa kwa kilo na kuvushwa bahari, kisha tunarudishiwa jembe jembamba.

Tunachokiombea mchango

Jumuiya nyingi za nyumbani, hapa kwetu na kwingineko, hupenda kupeleka vitu: pampu ya maji, mashine ya kukoboa, trekta dogo la kusukuma kwa mkono. Ni sadaka njema, na siku ya kukabidhi hupigwa picha nzuri. Lakini kila mashine ina siku ya pili, siku kitu kinapokatika. Kama hapana mtu wa kukiunga, mashine inabaki chini ya mwembe, kuku wanatagia humo. Kwenye hesabu tumetoa mamilioni, na kwenye shamba hapana kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba tuchangie jambo ambalo halipendezi sana kwenye picha. Ni karakana yenye paa imara na kivuli, fuawe, jiliwa, mashine ya kuchomelea iliyo salama, mashine ya kukatia chuma, vioo vyeusi na glavu za ngozi, pamoja na ghala dogo la springi na ekseli tutakazozinunua sisi kabla hazijavushwa. Gharama zake zimeorodheshwa kwenye kurasa za mwisho za kijarida hiki, na mwakani hapahapa mtasomewa kilichotumika.

Muhimu zaidi ni posho. Tunataka wazee waliobaki wanaojua matiko walipwe ili wakae na vijana hao msimu mzima, kama walivyokaa wao na wazee wao. Kijana mwenye uwezo wa kuendelea asaidiwe kufika Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji, apate cheti, kisha arudi. Elimu ya banda na elimu ya darasa zinahitajiana. Cheti hakimwonyeshi mtu rangi ya chuma kinapokuwa tayari, na banda halimpatii mtu zabuni.

Nikiulizwa kama mhasibu faida yake ni nini, nitajibu hivi. Jembe moja lililotiwa makali halionekani kwenye hesabu yoyote ya taifa. Lakini eka iliyopaliliwa kwa wakati inaonekana, karafuu iliyofika kituoni kabla haijafunguka inaonekana, na mtoto aliyelipiwa skuli kutokana na karafuu hiyo anaonekana. Wengi wetu tunaokisoma kijarida hiki, tukiwa Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Muscat au London, tumesomeshwa hivyo. Ada zetu zilitoka shambani, na shamba lilisimama juu ya jembe ambalo mtu fulani alilitia kiraka.

Mtu huyo wengi wetu hatukumlipa thamani yake. Wengine wamekwishatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Waliobaki bado wanaweza kufundisha, na moto wao haujazimika. Tuchangie, kila mmoja kwa uwezo wake, wakati bado wapo wa kuuchochea.